Betri za Boti ya Baba

Wiki iliyopita fundi wa sola alikuja shuleni kwetu, hapa Kibondo, kukagua betri zinazowasha taa za bweni la wasichana. Alizitoa nje, akazipanga barazani, akaanza kufungua vifuniko kimoja kimoja, na kabla sijajua anafanya nini harufu ile ikaingia ofisini kupitia dirishani. Ni harufu kali yenye uchungu, inayokaa nyuma ya ulimi kama umelamba msumari. Walimu wenzangu waliziba pua. Mimi niliacha madaftari, nikatoka, nikasimama karibu na fundi. Aliponiuliza kama kuna shida, nikamwambia hakuna, nimekuja kunusa tu. Akanitazama kwa muda, kisha akaisogeza chupa yake ya asidi mbali kidogo na mimi.

Sikuweza kumweleza mtu nisiyemjua pale barazani. Nyinyi nitawaeleza.

Nimekulia kando ya mto Malagarasi, upande wa Kasulu, mahali ambapo mto unatanuka na matete yanaota kila upande mpaka mgeni hajui maji yanaanzia wapi. Ng'ambo ni Kibondo. Shule yetu ya msingi ilikuwa ng'ambo, na mnada ulikuwa ng'ambo, na nusu ya ndugu zetu walikuwa ng'ambo. Daraja lilikuwepo moja tu, mbali, kwenye barabara kuu, na aliyetaka kulifuata kwa miguu alipaswa kubeba chakula. Kwa hiyo watu walivuka kwa boti, na boti ilikuwa ya baba.

Ilikuwa boti ya mbao, pana, isiyo na uzuri wowote. Ilibeba watu, mbuzi, baiskeli, ndizi, magunia ya maharage, na mara moja ilibeba jeneza na waombolezaji wake wote. Injini yake ilikuwa ya pikapu iliyokufa. Baba na fundi mmoja wa Kigoma waliitoa kwenye pikapu ile na kuifunga katikati ya boti. Injini ya namna hiyo huwezi kuiwasha kwa kuvuta kamba. Inataka betri. Kwa hiyo boti ilikuwa na betri mbili zilizokaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kiti cha baba: kubwa ya kuwashia injini na taa ya mbele, na ndogo ya pampu ya kutoa maji. Pampu ilihitajika kwa sababu boti yetu ilivuja, kama zinavyovuja boti zote za mbao, kidogo kidogo na bila kelele.

Mama ndiye aliyewapanga abiria. Watu wazito katikati, mbuzi mbele, walevi karibu naye. Hakuna aliyebishana na mama kuhusu mahali pa kukaa, hata mwenyekiti wa kijiji. Sisi watoto tulikuwa mapacha, na kwetu Buha, nchi ya Waha, mapacha hawahangaikiwi majina: aliyetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Kaka yangu alinitangulia kwa muda mfupi sana, lakini aliutumia muda huo maisha yake yote. Mimi ndiye Butoyi.

Kila Jumamosi jioni, boti ikishafungwa, tulizihudumia betri. Baba alizitoa sandukuni na kuziweka juu ya jiwe bapa. Kwenye vichwa vyake, pale waya zinapofungwa, kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, kama ukungu wa mkate. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji ya moto juu ya unga ule na kuusugua kwa mswaki mzee mpaka vichwa ving'ae. Kazi ya Bukuru ilikuwa kupaka grisi baada ya kukauka. Baba peke yake ndiye aliyefungua vifuniko. Alitumia sarafu kuvizungusha, akachungulia ndani ya kila tundu kwa tochi, akaongeza maji ya betri pole pole mpaka mabamba ya ndani yafunikwe, wala si zaidi ya hapo. Kibatari hakikuruhusiwa kusogea, kwa sababu hewa ya betri hushika moto. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vidogo vya asidi kama yameliwa na panya, na sweta yangu ya shule ilikuwa na kitundu kwenye kiwiko ambacho mwalimu aliniuliza habari zake kila muhula.

Wakati wa kazi hiyo baba alikuwa na msemo wake. "Kitu hakifi kwa uzee," alisema. "Kinakufa kwa kusahauliwa." Aliusema akiwa ameinama, tochi mdomoni, kwa hiyo nusu ya maneno tuliyajua kwa mazoea tu.

Betri kubwa ilikuwa nzee tangu nilipoanza kuijua. Ubavu wake ulikuwa umevimba, na Bukuru alisema ina mimba. Tundu la tatu lilikunywa maji kuliko mengine yote. Asubuhi za baridi, baba alipowasha injini, aliwasha kwanza taa ya mbele na kuitazama. Taa ikizama kidogo injini inapozunguka, betri ina nguvu. Ikizama sana, imechoka. Mwaka ule ninaousimulia, taa ilikuwa inazama mpaka waya wa ndani ya glopu unakuwa mwekundu kama kaa la sigara, halafu injini inakohoa, inafikiri, inakubali.

Mara mbili betri hiyo ilikuwa imepelekwa kwa Mama Furaha. Huyu alikuwa mama wa Kikongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa na meza yake kwenye soko la kando ya kambi. Alifungua betri zilizokufa, akachambua mabamba ambayo bado yana uhai, akayaunganisha na mengine, akafunga upya kwa lami. Watu waliotumia betri kwa redio na mashine za kinyozi walimtegemea sana. Baba alimtegemea kwa boti.

Mwaka huohuo ndio zilikuja mashine za daraja. Tulizisikia kabla hatujaziona, ngurumo ya mbali upande wa juu wa mto, siku nzima, ikinyamaza saa ya chakula tu. Daraja letu wenyewe lilikuwa linajengwa. Wanafunzi tuliimba. Wazee walikwenda kutazama nguzo na kurudi wakiwa na matope na maoni. Nyumbani kwetu halikuzungumzwa sana, na sikujiuliza kwa nini.

Masika yalipofika katikati, kukawa na arusi ng'ambo. Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilialikwa, na mimi na Bukuru tuliomba kwenda kwa sababu arusi ina wali. Boti ilijaa. Akina mama walikuwa na sare za kitenge cha njano na mabeseni mapya ya zawadi, yale yenye maua chini, yamefungwa kwenye nailoni. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kwa udongo, unabeba visiwa vya nyasi vilivyong'oka huko juu. Mama alipanga watu, akahesabu vichwa kwa macho, akampa baba ishara.

Katikati ya mto kisiwa kimoja cha nyasi kilipita chini yetu. Injini ikabadilisha sauti, ikaanza kuguna. Nyasi zilikuwa zimejiviringisha kwenye pangaboi. Baba alizima injini, akalala kifudifudi nyuma ya boti na panga mkononi, akakata na kuvuta, akakata na kuvuta, mpaka fungu zima likaachia na kwenda zake. Akarudi, akafuta mikono kwenye suruali, akazungusha ufunguo.

Injini ilisema tik.

Akazungusha tena. Tik. Akafungua sanduku, akatingisha waya, akazungusha. Safari hii hakikusikika hata kitu.

Boti isiyo na injini mtoni ni kama gogo, inakwenda inakopelekwa. Tulianza kugeuka ubavu taratibu. Chini yetu kulikuwa na kona, na kwenye kona ile ndiko viboko walikolala mchana. Kila mtu kwenye boti alijua, na kwa sababu kila mtu alijua hakuna aliyesema. Mama mmoja alianza kutaja jina la Mungu kwa Kiha, "Imana, Imana," kwa sauti ndogo ya mtu anayemwita jirani. Boti ilikuwa nzito, na maji yalikuwa yanapenya mbaoni kuliko siku zote. Pampu ilikuwa inanguruma na kutapika ubavuni.

Baba alishika spana, akaitazama betri ndogo, asiiguse. Nilikuwa karibu naye, nikaona jasho linamdondoka kutoka puani.

"Mama Bukuru," alisema bila kugeuka. "Nikiunganisha hii ndogo na kubwa, labda itawaka. Lakini pampu itasimama. Na injini ikikataa, hatuna kimoja wala kingine."

Mama alitazama maji yaliyokuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu ya watu. Kisha akatazama kwaya.

"Pampu ni sisi," alisema. "Iunganishe."

Akawageukia akina mama. "Fungueni mabeseni."

Palikuwa na kusita kidogo. Yalikuwa mabeseni ya bibi arusi. Kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alichana nailoni ya kwanza kwa meno, na wengine wakafuata. Tukaanza kukumba maji. Mimi nilipewa sufuria. Kuna sauti moja nyembamba nyuma iliyoanza wimbo wa kutia moyo, na wawili watatu wakaitikia, lakini kiongozi akawaambia, "Nyamazeni, kumbeni." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiizuia kwaya kuimba.

Baba aliunganisha chanya kwa chanya. Kwenye hasi, skrubu ya kibanio ilikuwa imekwisha meno siku nyingi, na kibanio hakikukaza.

"Bukuru, njoo. Bana hapa kwa mikono miwili. Kitapata moto. Usiachie mpaka niseme."

Bukuru alipiga magoti, akabana. Baba akazungusha ufunguo. Cheche zikaruka, kibanio kikapiga kelele kama mafuta kwenye kikaango, na injini ikazunguka mara moja, polepole, kama mzee anayeinuka kitini. Ikasita. Namkumbuka Bukuru uso umejikunja, midomo imebanwa, macho yameng'ang'ania mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Injini ikazunguka tena, ikakohoa moshi mweusi, ikashika.

"Achia," baba akasema.

Tulifika ng'ambo chini kabisa ya kituo chetu, kwenye tope, na akina mama walishuka sare zimelowa mpaka kiunoni. Waliimba arusini vilevile. Mabeseni yalioshwa kwa maji safi na kutolewa kama zawadi, na nasikia bibi arusi hakuambiwa. Bukuru alikula wali kwa mkono wa kushoto, na hakuna mkubwa aliyemkaripia kwa hilo.

Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mawili, la kulia kubwa zaidi. Mama aliyapaka mafuta. Baba alikaa nje na betri kubwa mbele yake. Hiyo betri haikusahauliwa hata siku moja, ninyi ni mashahidi wangu, na ilikuwa imekufa. Sikumsikia tena akiutumia ule msemo.

Jumatatu asubuhi tulishuka mtoni tumevaa sare. Baba alikuwa ameichaji betri kwa jirani mwenye jenereta, na ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake. Abiria walikwisha kukaa. Bukuru alisimama kwenye mchanga, begi mgongoni.

"Panda," baba alisema.

"Sipandi."

"Nimeichaji."

"Ni ileile?"

Baba hakuwa mtu wa kudanganya watoto. "Ni ileile."

"Basi sipandi, baba."

Hakusema kwa ukaidi. Angesema kwa ukaidi, baba angejua la kufanya. Alisema kwa upole, mikono imefungwa kitambaa, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Abiria wote walisikia. Mzee mmoja aliyekuwa na kuku aliinuka, akasema amekumbuka jambo nyumbani, akashuka. Halafu akashuka mama mwenye mtoto mgongoni. Huyu hakutoa sababu.

Mimi nilipanda. Nilikuwa naogopa pia, lakini nilimwona baba amesimama pale na ufunguo mkononi, na nikaona mtu mmoja wa nyumba yetu lazima apande. Tulivuka na nafasi nyingi wazi. Wakati wa kuwasha injini, taa ya kupima betri ilizama mpaka ikazimika kabisa, kisha ikarudi.

Bukuru hakwenda shule siku hiyo wala siku zilizofuata. Mwalimu alimwulizia, nikasema anaumwa mikono.

Katikati ya juma baba aliifunga betri kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi akaniweka mbele kwenye bomba, tukaenda kwa Mama Furaha. Ilikuwa safari ndefu ya vumbi na mashamba ya mihogo, na baba alipiga pedali mfululizo. Mama Furaha alikuwa mezani kwake, amevaa magalosha ya mvua juani na glavu zilizokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori. Aliitambua betri kabla hajamtambua baba.

"Papa Bukuru. Hii tena?"

Baba akaeleza yaliyotokea. Hakupunguza kitu. Mama Furaha alisikiliza huku akipapasa ubavu uliovimba, halafu akafungua tundu la tatu, akanusa, akafunga.

"Miye siwezi," alisema.

"Ulishaiweza mara mbili."

"Ndiyo, mara mbili nilifungula. Kama ilikuwa ya redio, ningefungula mara ya tatu, nikule pesa yako, na redio ingelia wiki mbili. Lakini hii inabebaka watu." Akaisukuma kwa kidole kuelekea kwa baba. "Leo nikiitengeneza, itawaka. Utafurahi. Na siku ingine itakuacha palepale. Sitaki kusikia ile habari, nijue ni mikono yangu."

Baba aliuliza kama ana mtu mwingine sokoni anayefanya kazi hiyo. Mama Furaha akasema yuko, akamwonyesha hata meza yake. Baba alitazama upande ule. Kisha akaifunga betri kwenye baiskeli, tukarudi nyumbani.

Sasa lazima niwaambie kuhusu mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mama alikuwa amechoka kulala na sufuria kitandani kukinga matone. Kwa misimu kadhaa walikuwa wanaweka akiba ya mabati, na mama alikwisha kuwaalika ndugu zake waje kuezeka mvua zikikoma. Alikuwa na wimbo mdogo wa mabati, hauna maneno, aliuguna tu akifagia.

Jioni ile baba alisimulia alivyojibiwa na Mama Furaha. Mama alikuwa anakoroga uji wa mtama.

"Daraja litafunguliwa kabla ya masika mengine," baba alisema. "Nimekwenda kuwauliza wajenzi wenyewe. Ukinunua betri mpya sasa, unainunulia boti ambayo imekwisha."

"Ego," mama alisema. Ndiyo.

"Watu watanicheka."

"Ego."

"Na mabati?"

Mama alikoroga kwa muda. "Nyumba ya nyasi haijamzamisha mtu," alisema. "Nenda Kasulu. Nunua zote mbili."

Nilikuwa nimelala, au walidhani hivyo, upande wa pili wa pazia. Nilisikitika sana kuhusu mabati, kwa sababu mimi ndiye niliyelala chini ya tundu kubwa kuliko yote. Nilidhani wazazi wangu hawajui kufikiri. Kila mtoto wa darasa la nne kijijini alijua daraja linakuja.

Mwenye duka Kasulu alikuwa Mzee Salumu, mtu wa asili ya Tanga aliyezeekea kwenye baridi yetu na hakuacha kuilalamikia. Baba alituchukua sisi wote wawili, kwa sababu alitaka Bukuru achague. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, akauliza habari za mto.

"Betri ya boti?" alisema. "Si nasikia mnajengewa daraja?"

"Tunajengewa."

"Sasa mwanangu, mpya ya nini? Chukua iliyotumika kidogo, iko pale, itakusogeza."

"Nataka mpya, mzee. Mbili."

Mzee Salumu alimtazama, akamtazama Bukuru na viganja vyake, hakuuliza zaidi. Alitoa betri mbili kavu kwenye maboksi, akazijaza asidi mbele yetu, tundu kwa tundu, akatuambia tukae tungoje zitulie. Alituletea chai ya tangawizi. Bukuru alichuchumaa karibu na betri muda wote huo, akichungulia. Zilikuwa nyeusi, mbavu zimenyooka, vichwa vinang'aa kama pete. Aliuliza kama vibanio vipya vinauzwa pia. Mzee Salumu akasema vipo, akaongeza viwili bila kudai kitu.

Asubuhi iliyofuata Bukuru ndiye aliyefunga vibanio. Alikaza kwa spana mpaka baba akamwambia basi, utavunja. Kisha alirudi nyuma, akasimama kwenye mchanga palepale alipokuwa amesimama siku ile, na abiria wakangoja pamoja naye bila kuharakishwa. Baba akawasha taa ya mbele, akazungusha ufunguo. Taa haikutikisika. Injini ilishika kabla sijavuta pumzi.

Bukuru alipanda, akakaa karibu na sanduku. Baba hakumsifu. Alisema tu, "Sogea, huo ni mguu wangu." Mzee wa kuku alikuwepo pia, na kuku walewale.

Boti ilitembea hivyo miezi iliyobaki, ikiwaka kila asubuhi kwa mara ya kwanza, pampu ikicheka ubavuni. Haikuwahi kuwa boti nzuri kiasi hicho. Na watu kweli walimcheka baba. Mnadani walimwita bwana arusi wa marehemu. Yeye aliendelea kufungua vifuniko kila Jumamosi, ingawa betri mpya hazikuhitaji maji hata tone, akachungulia, akafunga.

Daraja lilifunguliwa wakati wa kiangazi. Palikuwa na maturubai na hotuba, na mbuzi walichinjwa. Siku ya pili baba alishuka mtoni kama kawaida na kukaa kwenye boti. Alikuja abiria mmoja, bibi mmoja mzee sana aliyesema hawezi kutembea juu ya kitu ambacho maji yanapita chini yake. Mama alimkumbusha kwamba boti nayo maji yanapita chini yake. Bibi akasema ndiyo, lakini ile ina mtu. Baba alimvusha yeye peke yake, akamngoja amalize shughuli, akamrudisha. Hiyo ndiyo safari ya mwisho ninayoikumbuka.

Betri zilikuja nyumbani. Kwa miaka iliyofuata, baba akizipeleka kuchajiwa kila zilipopungua, tulikuwa na nyumba ya nyasi inayovuja, yenye mwanga kuliko nyumba yoyote kijijini. Watoto wa jirani walikuja kusomea kwetu, tukihamisha meza kila mvua ilipobadilisha mahali pa kudondokea. Mabati yalikuja baadaye sana, yalipokuja.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kuhusu ile betri nzee. Baba hakuwa mbahili, wala hakuipenda kama tulivyodhani. Alikuwa anapiga hesabu. Tangu aliposikia mashine za kwanza, alikuwa anajaribu kuivuta betri ile ifike darajani, ili yeye na boti na betri waishe siku moja, bila kupoteza mabati ya mkewe. Ile kazi yote ya mswaki na tochi ilikuwa mbio, na sisi tulikuwa tunakimbia naye bila kujua. Alikosea hesabu kwa msimu mmoja wa masika. Na alipoona amekosea, alilipa, na mama akalipa kuliko yeye, wala sikumbuki hata siku moja mmoja akimtajia mwenzake jambo hilo.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, nikatembea na baba juu ya daraja. Sasa analima nyanya kando ya mto, na nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Bukuru alikuwa ametupigia simu kutoka Kigoma, ambako anatengeneza injini za boti za watu wengine. Tulisimama katikati, tukaegemea chuma, tukatazama kona ya viboko kule chini. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: kama hakuona ni hasara, kununua betri mbili mpya kwa boti iliyobakiza miezi, wakati kila mtu alijua daraja linakuja.

Pikipiki ilipita nyuma yetu na gunia la mkaa.

"Walijua wote," baba alisema. "Hata wao abiria walijua. Lakini kila asubuhi walikuwa wanapanda."